Kabla Hujampa Kobe Jina, Uliza Alikotoka

Shule zinapokaribia kufunguliwa, barabara ya kutoka Ukambani hujaa magari ya familia zinazorejea mjini. Ndani ya buti, kati ya gunia la maembe na kuku wawili waliofungwa miguu, mara nyingi huwa kuna abiria asiyelipa nauli. Ni kobe. Mtoto amemwona akivuka lami, baba akasimamisha gari, na kabla hawajafika Athi River kobe huyo amekwisha kupewa jina.

Simlaumu baba huyo. Ukimtazama juu juu, kobe ni mnyama anayefaa sana nyumba ya mjini. Habweki usiku, hakwaruzi viti, hapandi mezani, wala landilodi hawezi kumsikia akipita chini ya dirisha. Mama naye hana la kusema, maana mgeni anakula maganda ya tikiti na majani ya sukuma wiki yaliyobaki jikoni. Siku ya kwanza watoto watatu wa ploti watakuja kumtazama, siku ya pili kumi, na kufikia Jumatano mtaa mzima unajua kwamba kwa akina fulani kuna kobe.

Maswali ninayoulizwa kuhusu wanyama wa aina hii karibu yote ni ya chakula. Anakula nini? Anywe maziwa? Apewe ugali? Ndugu msomaji, yako swali linalotangulia yote hayo, nalo ndilo ninalotaka tulizungumze leo: mnyama huyo alitoka wapi?

Nchini Kenya tunayo Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Sheria hiyo haimpimi mnyama kwa ukubwa wa mwili wala kwa upole wake. Inapotaja wanyamapori inakusudia kiumbe yeyote wa asili anayeishi mwituni, na imeteremka hadi kwenye vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu. Tena lipo neno "nyara". Wengi wetu tukilisikia tunafikiria pembe za ndovu na ngozi ya chui. Katika sheria hii maana yake ni pana kuliko hivyo, kwa kuwa mnyama wa mwitu mwenyewe, awe hai au amekufa, ni nyara. Kwa hivyo kobe anayetambaa kwenye veranda yako, mbele ya hakimu amewekwa kapu moja na hizo pembe. Anayemweka bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, amevunja sheria, hata kama alimwokota kwa huruma ili asikanyagwe na lori.

Ukidhani natia chumvi, kumbuka kisa cha mwaka 2025. Mwezi wa Aprili mwaka huo, vijana wawili kutoka Ubelgiji, kila mmoja wa miaka 19, walikamatwa katika Kaunti ya Nakuru. Hawakuwa na pembe wala ngozi. Walikuwa na sisimizi. Naam, sisimizi, takriban 5,000, wale wakubwa wanaovuna mbegu za nyasi na kuziweka ghala chini ya ardhi. Walikuwa wametiwa katika vichupa zaidi ya 2,000, vikiwa na pamba ndani ili waweze kuishi safarini kwa muda wa hata miezi miwili. Ng'ambo wako watu wanaofuga sisimizi sebuleni, kwenye visanduku vya kioo, jinsi wengine wanavyofuga samaki, na hulipa fedha nyingi kumpata malkia, kwa sababu bila malkia hakuna kundi.

Vijana hao walieleza mahakama kwamba hawakuja Kenya kwa nia ya kuvunja sheria. Tarehe 7 Mei 2025, mahakama iliyoko kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilimtoza kila mmoja wao faini ya shilingi milioni moja, au akae gerezani miezi 12. Wengine wawili, raia wa Vietnam na Mkenya mmoja, walioshtakiwa katika kesi nyingine ya sisimizi, walipewa adhabu iyo hiyo. Mtaani watu walicheka sana, maana katika nyumba zetu sisimizi akionekana kwenye sukari hukaribishwa kwa mafuta ya taa. Lakini wadudu hao hubeba mbegu na kuzisambaza, hugeuza udongo, nao huliwa na ndege na wanyama wengine. Ukichimbua malkia 5,000, umeondoa makundi 5,000 ambayo yangekuwapo. Hakimu hakucheka.

Turudi kwa kobe wetu, maana ndiye aliye wengi majumbani.

Yule anayeokotwa mara nyingi barabarani ni kobe mwenye gamba la manjano lililotiwa madoa meusi kama ya chui. Akiwa mdogo anaenea kiganjani. Akikua, gamba lake hupita urefu wa rula ya shule, na akitunzwa anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Hebu piga hesabu. Mwanafunzi wa Gredi ya Nne akimleta leo, atamaliza masomo, ataoa au kuolewa, atapata wajukuu, na kobe yuko. Nani atakuwa akimlisha wakati huo? Katika nyumba nyingi za kukodi jibu hupatikana mapema zaidi, mwezi wa tatu au wa nne, mtoto anapomchoka na kobe anasukumwa chini ya sinki la kufulia.

Huko kwao kobe huyu hutembea mbali akila nyasi, majani na mimea yenye maji, na huota jua asubuhi kabla ya kuanza kazi ya siku. Jua hilo halimpashi joto tu. Ndilo linalomwezesha kuyatumia madini ya chokaa kujenga mifupa na gamba. Mweke kwenye saruji ya ghorofa ya tatu, umlishe mkate, wali na maziwa, na baada ya muda gamba litalainika na kupindapinda, miguu itaishiwa nguvu, naye ataanza kujiburuta. Mwenye nyumba atasema kobe amezeeka, kumbe kobe anaumwa.

Kuna jambo jingine ambalo laiti lingekomeshwa leo hii. Watu hutoboa tundu ukingoni mwa gamba ili wapitishe kamba, wamfunge kwenye mti kama mbuzi. Gamba si sahani aliyojifunika. Ni mfupa ulio hai, una damu na una hisia, umeshikamana na uti wa mgongo na mbavu zake. Kulitoboa ni sawa na kumtoboa mtu mbavu. Zaidi ya sheria ya wanyamapori, tunayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na tendo kama hilo linaweza kukufikisha mahakamani hata pale ambapo una kibali mkononi.

Na afya ya watoto je? Kobe, mijusi na nyoka mara nyingi hubeba viini vya salmonela tumboni bila wao wenyewe kuugua. Mtoto anayemshika kobe kisha anatia kidole mdomoni anaweza kupata homa na kuhara vibaya, hasa akiwa chini ya miaka mitano. Kwenye nyumba ambamo kobe huoshewa karai lile lile linaloshea vyombo, hatari huwa kubwa zaidi.

Yupo kobe mwingine ambaye ningependa wasomaji wa sehemu za Mwingi na Tharaka wamjue vizuri, kwa kuwa ni jirani yao. Ni bapa kama chapati, na gamba lake ni laini. Anapotishwa hakai pale pale akijificha ndani ya gamba kama wenzake. Hukimbia, tena mbio, akajipenyeza katika ufa wa jabali na kujibana humo hata usiweze kumvuta. Jike hutaga yai moja tu kwa wakati. Umbo lake hilo la ajabu ndilo lililomponza, kwa maana wafugaji wa ng'ambo walimtamani, na wachukuzi wakawa wanaivunja miamba ili wamtoe. Mwaka 2019, katika mkutano uliofanyika Geneva, nchi zilizo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini zilimpandisha hadi katika orodha ya kwanza, yenye ulinzi mkali kupita zote. Kuvunja mwamba mmoja kwa nyundo kunaharibu nyumba ambayo kobe hao wamekaa vizazi na vizazi, wala mwamba hauoti tena.

Basi ukimkuta kobe barabarani ufanyeje? Angalia magari kwanza, nawe usigongwe. Kisha mshike pande mbili za gamba kwa mikono yote miwili, umwinue kidogo tu bila kumpindua, umpeleke upande ule aliokuwa akielekea. Ukimrudisha alikotoka ataanza safari upya. Fanya hivyo polepole. Kobe akishtuka hukojoa, na maji anayoyamwaga ni akiba yake ya kiangazi. Katika nchi kavu, akiba hiyo ikimwagika anaweza kufa siku nyingi baadaye, wewe ukiwa umekwisha kufika nyumbani na kusahau.

Aliye naye tayari nyumbani asiende kumtupa usiku kwenye msitu wa Karura au kando ya uwanja wa mpira. Kobe wa Kitui hapajui Karura, na huenda akawapelekea wanyama wa huko ugonjwa alioupata kwako. Aende ofisi ya KWS iliyo karibu naye, aeleze alivyompata na mahali alipomtoa, kwani mahali hapo ni muhimu kwa wanaotafuta pa kumrudisha. Walio Nairobi wanaweza kufika makao makuu katika Barabara ya Lang'ata, penye yale makao ya wanyama mayatima yaliyoko tangu 1964, ambayo shule nyingi huzuru. Naona anayekwenda mwenyewe kwa miguu yake yuko mahali pazuri kuliko anayesubiri jirani waliyekosana amchongee.

Kuhusu kasuku nitasema kwa ufupi. Yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayeiga sauti ya mlango na ya mama akiita watoto, ni ndege wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Nchi za CITES ziliamua mwaka 2016 kule Johannesburg kumtia katika orodha ya kwanza, na uamuzi ukaanza kufanya kazi Januari 2017. Hapa kwetu huwezi kumweka bila kibali cha KWS. Muuzaji akikunong'onezea kwamba kibali kitafuata baadaye, shika njia yako. Tena kasuku huyu ana akili nyingi na huishi miongo. Akiachwa peke yake kutwa nzima, watu wakiwa kazini na shuleni, hujinyonyoa manyoya hadi kifua kikabaki uchi.

Sisemi kwamba sheria imefunga milango yote. Kuna wanyama wa mwitu wanaofugwa kwa leseni, na wapo Wakenya wanaoishi kwa kazi hiyo. Huko Gede, wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wamefuga vipepeo tangu 1993 chini ya mradi wa Kipepeo, na buu waliokwisha kujifunga huuzwa ng'ambo kwa maonyesho. Nao kware mnawakumbuka. Magharibi mwa Kenya ndege hawa, aluru kwa Wajaluo na isindu kwa Waluhya, wamenaswa tangu zamani kwa kutumia wenzao walioko vizimbani, wakitundikwa juu ya mti mrefu ili waimbe na kuwaita wengine. Mwaka 2013 mji ukashikwa na wazimu. Kila mtu alitaka kware, mayai yakauzwa kwa bei ya kustaajabisha kwa madai kwamba yanatibu kila ugonjwa, na waliofuga kwa haki walipanga foleni wakitafuta leseni ya KWS kwa kuwa kware alihesabiwa ndege wa mwitu. Mwaka 2014 soko likaanguka. Wengi walibaki na vizimba vitupu na leseni ukutani.

Sasa mzazi ataniuliza, mtoto wangu analia anataka mnyama, nimpe nini? Jibu langu ni sungura wa kufugwa.

Sungura huyu amezaliwa kizimbani, kama mama yake na nyanya yake, kwa hivyo KWS hawana kesi naye. Hapigi kelele. Anakaa kwenye kibanda kidogo cha mbao kilichoinuliwa kutoka ardhini kwa miguu ya nusu mita au zaidi, mbele pakiwa na wavu wa waya, na sehemu moja ikiwa na ubao ili nyayo zisichubuliwe na waya siku nzima. Kibanda kiwe kivulini. Sungura huvumilia baridi ya Limuru kuliko joto la bati la saa nane mchana, na joto kali humuua kwa saa chache.

Kosa kubwa la mjini ni kabichi. Muuza mboga huwa na majani ya kutupa, basi sungura analishwa kabichi mbichi na yenye maji asubuhi na jioni, tumbo linafura, na siku ya tatu amelala ubavu. Chakula chake kikuu ni nyasi kavu, zipatikane mchana na usiku. Majani mabichi yaachwe yanyauke kwanza, na yawe kidogo. Maji safi yasikose. Ukiona anajikuna masikio na ndani mna magamba ya rangi ya kahawia, huo ni upele, mpeleke kwa daktari wa mifugo badala ya kummiminia mafuta ya gari kama wengine wafanyavyo.

Tena usinunue dume na jike "wasikae wapweke." Mimba ya sungura ni siku 31 au karibu na hapo, na jike mmoja anaweza kuzaa watoto sita, wanane au zaidi. Kabla ya muhula wa shule kwisha utakuwa na ukoo. Wanunuliwe majike wawili waliozaliwa pamoja. Wanafunzi walio katika vilabu vya 4K, vilivyofufuliwa shuleni mwaka 2021, wanaweza kumwomba mwalimu kibanda kimoja wakitunze kwa zamu. Kazi ya kuondoa kinyesi Jumamosi asubuhi ndiyo itakayoonyesha nani alipenda mnyama na nani alipenda kumshikashika tu.

Waliochagua paka au mbwa wasidhani wameponea chupuchupu, kwa kuwa nao wana sheria zao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliwapa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia ustawi wao, ikiwa ni pamoja na kutoa leseni za mbwa. Maana yake ni kwamba kanuni za Nairobi huenda zisiwe zile za Mombasa au Kisumu, na ukihama na mbwa wako yakupasa kuuliza upya katika ofisi ya mifugo ya kaunti unayohamia. Chanjo ya kichaa cha mbwa wapewe wote wawili, mbwa na paka, kuanzia miezi mitatu na kila mwaka, na cheti kiwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni alama ndogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili huwa hakina dawa.

Na usisahau karatasi uliyotia sahihi siku ya kuingia nyumbani. Mikataba mingi ya kukodi nyumba za ghorofa ina mstari kuhusu wanyama, na ni wachache wanaousoma kabla ya mtoto kufungua sanduku lenye kijipaka mbele ya mlinzi wa geti. Mzungumzie landilodi mapema, umwonyeshe kibanda kitakaa wapi na taka zitatupwa wapi. Akikubali, mwombe aandike.

Juma lijalo tutazungumzia samaki wa kwenye kioo, na sababu ya wao kufa juma la kwanza katika nyumba nyingi ingawa wenye nyumba huapa kwamba waliwabadilishia maji kila siku.